Ila ya Magige Haikutafsiriwa

Mheshimiwa Bwana Shauri wa Wilaya. Bwana Meneja wa kinu pamoja na Memsabu. Liwali wetu wa mji. Waheshimiwa Watemi mliotoka Butiama na Bunda kwa njia yenye vumbi jingi. Padri wetu na Shehe wetu, ambao leo mmetenganishwa na nguzo ya ghala tu na si na kitu kingine. Ndugu makarani, manyapara na wapagazi wa marobota. Akina mama wa Mukendo na Kigera. Ndugu wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa ila mmesikia harufu ya pilau: hamjambo?

Mmeitika vizuri sana. “Hatujambo,” ghala zima, mpaka njiwa wa paani wameruka. Lakini Mama Eufrasia, nakuona pale mbele. Jana ulikuja dukani kwangu taya limefungwa kitambaa, jino linakuua, nikakuuliza hujambo, ukasema sijambo. Ukaketi, ukaomba maji, kisha ndipo ukasema, “Ila hili jino, fundi, sijalala.” Na leo umeitika tena kwa nguvu kuliko wote. Sikucheki, mama. Ndivyo tulivyolelewa sote, na mambo niliyokuja kuyasema leo yanaanzia hapo hapo.

Kwa wasionijua, mimi ni Hamduni bin Muharami, fundi cherehani wa Mukendo, na ndimi mwenyekiti wa chama chetu cha kusaidiana katika maradhi na mazishi. Kamati ya sherehe imeniomba nimsifu Bwana Felisiani, karani mkuu na mkalimani wa kinu hiki cha pamba, ambaye amestaafu, na kesho anapanda meli kurudi kwao Bukoba. Wamenichagua, walisema, kwa sababu nina maneno. Nadhani sasa hivi wapo wanaojuta, na bado sijaanza.

Bwana Meneja, Kiswahili chako kinatosha kuagiza chai na kufukuza mtu kazi. Kwa hiyo nitasema polepole, na Bwana Shauri, ambaye serikali ilimfanyisha mtihani wa Kiswahili akafaulu, atakusaidia panapokushinda. Kila siku kazi hiyo ilikuwa ya Bwana Felisiani, lakini leo yeye ni bwana harusi, hatuwezi kumtuma.

Nianze na sifa, maana anazo, na mimi si mtu wa kumnyima mtu haki yake. Nani hapa hakuandikiwa barua na Bwana Felisiani? Nani aliyewahi kumpelekea kuku ili barua iende upesi, akampokea? Alikuwa akiwarudisha kuku wenyewe, tena amewalisha. Mjane wa Kigera alipotaka kunyang'anywa shamba la marehemu, ni huyu aliyesimama barazani akayageuza maneno yake kwa Kiingereza kilichonyooka, na shamba likabaki. Watoto wetu wangapi wamejua kusoma barazani kwake jioni, bila ada, huku mkewe Miriamu akiwagawia mihogo? Koti alilolivaa leo nimelishona mimi kwa mikono yangu, na sikulishona kwa kinyongo. Nimetia bitana ya hariri ambayo hakuiomba. Ni mtu mwema, na nataka mlikumbuke neno hilo nitakapofika mbele kidogo, kwa sababu nitakasirika.

Kamati ilitaka niishie hapo. Shukrani, makofi, pilau. Lakini yupo mtu amekaa nyuma kule, karibu na mlango, kwa sababu alidhani viti vya mbele si vyake. Ni Magige wa Bugwema. Amekuja kumuaga Bwana Felisiani kama ninyi nyote, na amekuja na mkono mmoja. Mimi nimsifu mtu saa nzima, na huyu akae pale mlangoni akipiga makofi kwa kugonga paja? Haiwezekani, jamani.

Wengi mnajua Magige aliumia, ila hamjui ilivyokuwa. Alikuwa akilisha pamba kwenye mashine, pembeni mwa mkanda mkubwa unaozungusha magurudumu. Mkanda ule ulikuwa na bati la kuukinga, ili mtu akiteleza asinaswe. Bati likaondolewa siku mkanda ulipotengenezwa, na baada ya matengenezo halikurudi. Lilikwenda wapi? Msiniulize mimi. Mkitoka nje, tazameni paa la banda la motokaa ya Bwana Meneja; kuna bati moja la kijani kati ya mabati meupe. Kinu chote kilikuwa kikilipita bati lile asubuhi na jioni. Magige na wenzake walimwomba nyapara alirudishe, naye akawa anawaambia kesho. Siku moja mkanda ukaushika mkono wa shati lake, na mkono wa shati ulikuwa na mkono wa mtu ndani yake.

Madaktari wa hospitali yetu waliokoa roho yake, Mungu awalipe. Mkono wa kulia haukuokoka.

Sasa sikilizeni vizuri. Nilikuwa wodini siku ile kwa niaba ya chama, nimempelekea uji na shuka. Mkewe, Pelagia, alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda. Akaingia Bwana Meneja, akaingia na daktari mmoja ambaye si wa hospitali ile; alitoka Mwanza, ametumwa na watu wa bima, na alikuwa na haraka ya meli. Nyuma yao Bwana Felisiani, mkalimani. Daktari akamwamkia mgonjwa kwa Kiswahili chake kidogo: hujambo? Magige, mkono umekatwa juu ya kiwiko, jasho linamtiririka, akajibu: sijambo, bwana. Daktari akauliza kwa Kiingereza habari ya maumivu, Bwana Felisiani akageuza, na Magige akasema: nzuri tu, bwana.

Mnacheka. Chekeni, lakini mngejibuje ninyi? Nani kati yenu huamkiwa na mgeni, tena mkubwa, akaanza kumwaga maradhi yake kabla mgeni hajakaa? Hata kwenye msiba, jamani, mtu amefiwa na mama yake, tukimwuliza habari za nyumbani anasema njema, kisha anavuta pumzi, anasema, “Ila mama ametutoka.” Ndiyo adabu yetu, Mwislamu na Mkristo, mvuvi wa rasi na mchuuzi wa sokoni. Neno la kwanza tunampa mtu heshima yake, na habari yenyewe inakuja baada ya ila. Mtoto wa Musoma anayetambaa anajua hivyo. Bwana Felisiani anajua hivyo kuliko mtoto. Lakini akageuka, akamwambia daktari kwamba mgonjwa hana malalamiko, na ila yake haikungojwa.

Kisha likaja swali lenyewe. Daktari aliuliza: jambo hili lilisababishwa na nini? Magige akatazama dari. Akasema, “Aa, shauri ya Mungu, bwana. Ila lile bati tulikuwaga tunaliomba lirudi, nyapara anasema kesho, kesho.”

Hayo ndiyo maneno yake yote. Niliyasikia mimi, aliyasikia Pelagia, na aliyasikia mzee wa kitanda cha pili. Lakini aliposema “Mungu”, Bwana Felisiani alikuwa ameshageuka kwa daktari, anatafsiri. Maneno yaliyobaki Magige aliyaambia kisogo cha Bwana Felisiani. Daktari akaandika, akafunga mkoba wake, wakatoka. Mimi Kiingereza changu ni cha yadi na vifungo, lakini neno la Mungu nililitambua, nikafikiri wazungu wanaambiwa habari za imani ya mgonjwa.

Baadaye Magige akaitwa kwenye lango la kinu. Bwana Meneja akamwambia, kwa kinywa cha huyo huyo Bwana Felisiani, kwamba watu wa bima hawatatoa fidia, kwa kuwa yeye mwenyewe amekiri kwamba jambo lile lilikuwa tendo la Mungu. Akapewa gunia la unga, akaambiwa pole.

Aliponihadithia, sindano ilinidondoka. Kwa nini? Kwa sababu neno hilo nilikuwa nimelisikia kabla. Mwenye nyumba yangu alipoikatia nyumba ile bima ya moto, wakala wa bima, Mhindi mmoja muungwana, alikuja kukagua, nikamwuliza inalipa nini na hailipi nini. Kuuliza si ujinga. Akaniambia: fundi, ukiacha pasi ya makaa juu ya meza nyumba ikaungua, tutazungumza; lakini radi ikishuka, ziwa likifurika, ardhi ikitetemeka, hayo tunayaita tendo la Mungu, na hayana mwenyewe wa kudaiwa. Ni neno lao la kazi, kama mimi ninavyosema pindo na bitana. Mtu wa bima akiandika tendo la Mungu, maana yake ni kwamba hakuna binadamu mwenye lawama, na kwamba jambo lile halikutoka kazini, lilitoka mbinguni.

Je, Magige wa Bugwema ndivyo alivyosema? Sisi tukisema shauri ya Mungu, tunasema nini? Ng'ombe amekufa, shauri ya Mungu. Mtoto amefeli, shauri ya Mungu. Mtu ameibiwa baiskeli, anasema shauri ya Mungu, kisha anakwenda polisi, na polisi hawamwambii rudi nyumbani kwa kuwa umekwisha kumtaja mwizi. Tunasema hivyo ili moyo utulie. Tunasema hivyo ili tusimtukane aliye mbele yetu. Magige aliyekuwa kitandani alimwangalia Bwana Meneja, mgeni wake aliyekuja kumjulia hali, akaona aibu kumwambia usoni, “Ni wewe.” Alimfichia aibu, Bwana Meneja. Kisha adabu ile ile ikachukuliwa, ikatafsiriwa, ikawa ndiyo kamba ya kumfungia.

Na mimi ni Mwislamu. Naamini hakuna jani linaloanguka bila Mungu kujua. Lakini nimemsoma Mungu tangu chuoni kwa marehemu mwalimu wangu, na Padri naye amemsoma kwa upande wake. Shehe, Padri, mniambie kama nimekosea: ni wapi imeandikwa kwamba Mungu alipanda ngazi akalivua bati la mkanda, akalipigilia misumari kwenye banda la motokaa? Msimsingizie Mwenyezi Mungu kazi ya fundi bati!

Naomba radhi, Memsabu. Sauti imenitoka.

Ndugu zangu, tunaumizwa mara mbili. Mara ya kwanza na mashine, mara ya pili na maneno. Na maneno yenyewe si mageni, ni yetu, tumeyaacha tu yakae kwa wenye ofisi. Watu wakisikia fidia wanadhani ni huruma. Fidia si huruma. Mwislamu aliyeshindwa kufunga kwa ugonjwa usiotarajiwa kupona anatoa fidia, na hakuna anayemshukuru kwa ukarimu, kwa sababu ni wajibu wake. Gunia la unga ni sadaka. Tunashukuru, tumelila, limekwisha. Fidia ya mkono bado haijatajwa. Wakisikia dhima wanadhani ni neno la mahakamani. Dhima ni deni lililokaa shingoni mwa mtu hata kabla hajadaiwa. Anayemweka mtu mbele ya mkanda ana dhima ya mkanda. Na uzembe, je? Neno hilo tunalijua sana, maana hutajwa kila asubuhi langoni mtu akichelewa. Mpagazi akichelewa ni mzembe, kesho asije. Bati likichelewa mpaka mtu akakatwa mkono, hilo si uzembe, hilo ni Mungu. Mbona maneno haya yana mlango wa kuingilia kwetu tu, na hayana wa kuingilia kwenu?

Tena nimeambiwa na mtu anayeijua sheria ya fidia ya wafanyakazi kwamba sheria yenyewe haisumbuki sana na kosa ni la nani. Inauliza: aliumia kazini, kwa sababu ya kazi? Basi. Ndiyo maana neno lile la Mungu lilikuwa tamu kwao. Bila neno lile, watu wa bima walikuwa hawana pa kujificha.

Sasa, Bwana Felisiani. Rafiki yangu. Unajua kwamba wiki iliyopita nilikuja kwako, ukanikaribisha kahawa, nikakwambia hayo yote. Uliniambia, “Nilitafsiri alichosema.” Nikakwambia, umetafsiri nusu. Ukaniongeza kahawa. Kisha ukasema, “Hamduni, nimebakiza siku chache. Usiniharibie.” Nililisikia neno hilo, na lilinichoma, maana nakujua huna shamba kubwa huko Bukoba, na kiinua mgongo chako kinatoka mkononi mwa watu hawa walioketi hapa. Sikukuita mwizi. Hukula rushwa, hukumchukia Magige. Daktari alikuwa na haraka, ukataka kumpa jibu fupi, safi, la kikarani. Umefanya hivyo mara nyingi kwa wema, ukitusitiri upuuzi wetu tusionekane wapumbavu mbele ya wazungu. Siku ile moja ulilolikata lilikuwa ndilo neno lenyewe.

Lakini Pelagia sasa analima peke yake. Magige alikuwa mtu wa nyavu kila pamba ilipokwisha. Nyavu hazivutwi kwa mkono mmoja, na ningu, samaki wetu wa ziwani, hamngojei mtu ajifunze upya. Wana watoto ambao wanakula kwa jirani kwa zamu. Mnataka nimwambie nini mama huyu? Kwamba mumewe alikuwa na adabu mno?

Nilikwenda kwa Bwana Shauri pia. Ni haki mjue. Alinipokea vizuri. Alisema maneno ya fundi cherehani na ya mke hayatoshi kuyapindua maneno ya mkalimani aliyekula kiapo. Ila, na yeye alisema ila, nikamheshimu kwa hilo: ila mkalimani mwenyewe akisema mbele yake kwamba tafsiri haikutimia, atalifungua jambo hili upya na watu wa bima watajibu kwake. Mheshimiwa, ulisema hivyo, au nimetafsiri vibaya? Ahsante. Ameitikia kwa kichwa, mmeona wote.

Meli inaondoka kesho. Bwana Felisiani akishapanda, nani atakwenda Bukoba kumtafuta? Jambo litafungwa, na Magige atabaki ndiye aliyemshitaki Mungu akaupoteza mkono wake mara ya pili.

Bwana Meneja, najua kwamba sare za kinu za mwaka ujao hazitashonwa kwangu. Nimekwisha kuliambia cherehani langu, halikulalamika. Na ninyi wapagazi na walisha mashine, wakija kuwauliza mlivyoumia, adabu wekeni, lakini anzeni na bati. Anzeni na mkanda, na nyapara, na kesho yake isiyofika. Mungu mtamtaja baadaye, mkiwa msikitini au kanisani, kwa nafasi. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuficha maradhi, aliyasema, na bado yalifichwa. Basi tuseme kwa namna ambayo haifichiki.

Nilikuwa nimeandaliwa zawadi ya kumkabidhi Bwana Felisiani, saa ya ukutani, ipo pale mezani, Liwali atamkabidhi. Mimi namkabidhi kitu kingine. Namkabidhi kazi yake, mara moja ya mwisho.

Magige, njoo mbele. Usiombe radhi kwa mtu; mpisheni tu njia, ndugu zangu. Pelagia, njoo naye. Simama hapa, mbele ya Bwana Shauri. Bwana Felisiani, nakuomba, kaka yangu, kwa heshima zote ulizonazo hapa Musoma, na unazo: inuka usimame upande wake wa kulia, ule usio na mkono. Nitamwuliza swali lile lile la wodini, naye atajibu, na wewe utamgeuzia Bwana Meneja neno kwa neno, wala usigeuke kabla mtu hajamaliza.

Ahsante. Ameinuka. Mpeni nafasi, koti lile ni jipya.

Mheshimiwa Bwana Shauri, Bwana Meneja, Liwali, Waheshimiwa Watemi, ndugu wageni, mmenivumilia mpaka mwisho, na ninawashukuru kwa masikio yenu. Sasa masikio hayo si yangu tena. Magige, mkono wako ulikatwaje? Sema, na usiharakishwe na mtu.